Sahani Iliyokwenda Limoges

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo adhuhuri, na daftari hili limelowa pembe kabla sijaandika neno. Nimelinunua kwa ajili ya safari. Mimi ni Asani, fundi wa matofali ya tanuri, yale yanayovumilia moto wa kuyeyushia shaba, na kesho kutwa karakana inanituma Ufaransa, mji wa Limoges, wiki mbili za mafunzo. Nitaandika Kiswahili cha daftari, kile alichonifundisha Baba Mukubwa. Cha mdomoni, husema, kinatosha sokoni. Cha daftari kinabaki.

Baba Mukubwa Zakari ni kaka wa marehemu baba yangu. Yeye na mkewe, Mama Mukubwa Alima, wamenilea tangu nina miaka sita, hapa hapa mtaa wa Naviundu. Leo ana miaka sabini na minane, na mimi na mke wangu Djamila tunakaa nyumba ndogo ya uani kwake, ukuta mmoja na chumba chake cha cherehani. Alikuwa fundi nguo. Siku hizi anashona kidogo, na anaandika kombe: aya za Kurani kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha anaziosha kwa marashi ya waridi, na mgonjwa anakunywa. Hata jirani yetu Delphine, mtu wa Kasai, nesi, mtu wa kwaya, hana neno nalo. Anasema wagonjwa wanaokunywa kombe humeza na vidonge vyake bila ubishi.

Sahani ni moja tu. Babu aliinunua duka la Mgiriki mmoja, enzi za ukoloni, mji huu ukiitwa Élisabethville. Chini yake kuna maandishi ya kijani: Limoges, France. Nililisoma jina hilo miaka mingi kabla ya kujua kwamba ni mji.

Jumapili, 3 Novemba. Uwanja wa ndege

Nimeichukua. Sikuomba, kwa sababu ningeomba angekataa. Huo ndio ukweli wote, na umeenea mstari mmoja.

Asubuhi, alipokuwa akitia udhu uani, niliingia chumba cha cherehani, nikanyoosha mkono juu ya kabati, nikaishusha pamoja na kitambaa chake cheupe. Sasa ipo sandukuni katikati ya masweta mawili. Sina nia mbaya. Nataka kujua imetoka kiwanda gani, mwaka gani, nimrudishie habari hiyo kama zawadi. Na, niseme yote, nataka kuwaonyesha wale Wafaransa wa mafunzo kwamba sitoki kwa watu wanaokula kwenye majani. Tangu macho yake yapungue, haishushi sahani mara nyingi, labda mara moja kwa miezi miwili. Ijumaa za Djamila ni Januari. Katika ukoo wetu mwenye mimba hunywa kombe Ijumaa tatu anapoingia mwezi wa saba. Mimba mbili zimetutoka kabla ya kufika hapo. Hii ya tatu ina miezi mitano.

Baba Mukubwa alinisindikiza hadi langoni. "Ufike muzuri. Na uangalie kule banatengenezaka sahani namna gani, utanielezea yote."

Nilimwitikia nikitazama viatu vyangu.

Jumanne, 5 Novemba. Limoges

Kituo cha treni hapa kina mnara mrefu wa saa na kuba la kijani. Nilipokiona mara ya kwanza nilitaka kuvua viatu, kama mlangoni pa msikiti. Baridi inaingia hadi kwenye meno. Matofali yao ni mazuri kuliko yetu, na wanajua.

Alhamisi, 7 Novemba

Mafunzo tu. Nimeifungua sahani mara mbili kuhakikisha haijapasuka.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo hakukuwa na darasa. Nimetembea tangu asubuhi, sahani ikiwa ndani ya mfuko wangu wa mgongoni.

Mji huu unajipamba kwa udongo wake. Jengo la soko limezungushiwa juu vigae vya kauri vilivyochorwa samaki, matunda na wanyama wanaouzwa ndani. Kuna mtaa wa wachinjaji, nyumba nyembamba za mbao zilizobanana, na katikati yao kanisa dogo la wachinjaji wenyewe. Niliteremka hadi mto Vienne, nikavuka daraja la mawe la zamani, nikarudi tena kwa raha ya kulivuka tu. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu sitaki kujidanganya baadaye kwamba nilikuwa na wasiwasi. Sikuwa nao hata chembe.

Dirisha moja lilikuwa na vikombe vya buluu nzito, buluu ya kuzama. Muuzaji aliniambia rangi ni kobalti. Nikamwambia kobalti inatoka kwetu, Kambove na kwingineko, watu wanaichimba kwa mikono. Alisema "ah bon?" akaendelea kupangusa kikombe.

Kando ya mto wamehifadhi tanuri la zamani la matofali, refu kama nyumba ya ghorofa. Mimi mtu wa matanuri niliingia ndani, nikapapasa kuta kama mnunuzi wa ng'ombe. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe aliyekuwa akiwaongoza wageni aliniona, akacheka. Anaitwa Gaëlle. Amefanya kazi kiwandani miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kuchagua: sahani inatoka motoni, anaigonga kwa kucha asikilize sauti, anaielekeza kwenye mwanga, nzuri inakwenda huku, mbovu inakwenda kule.

Nikatoa yangu. Aliigonga. Ikalia muda mrefu, wazi, na uso wake ukalainika. Kisha akaigeuza chini na kunionyesha kitu nilichokuwa nikikiona tangu utoto: mkwaruzo mwembamba uliokata yale maandishi ya kijani. Nyumbani tunaambiwa ni sahihi ya fundi mkuu.

"Hii ni chaguo la pili," alisema kwa upole. "Ikiwa na kasoro, tulikuwa tukikwaruza alama na kuiuza mbali." Akaigeuza tena, akaweka kidole karibu na ukingo, penye nukta ndogo nyeusi. "Kasoro ndiyo hii. Chembe ya chuma imeingia kwenye udongo, ikaungua. Kwangu isingepita."

Nilisikia aibu, kana kwamba amemtaja mtu wa nyumbani kwetu. Nikamweleza sahani inafanya kazi gani. Nikamweleza na nukta: herufi ya kwanza ya Bismillahi ina nukta moja chini, na Baba Mukubwa huanza kuandika pale, herufi inakaa juu ya ile chembe. Kalamu yake haiweki nukta, sahani tayari inayo. Gaëlle aliomba kuigusa tena, halafu akaomba kuipiga picha, nami nikiwa nimeigeuza chini juu, mkwaruzo uonekane. Mimi pia nilipiga zangu nyingi. Tukapeana namba.

Sitamwambia Baba Mukubwa habari ya chaguo la pili. Hiyo nitaimeza.

Jumanne, 12 Novemba

Jana ilikuwa sikukuu yao, kila mlango umefungwa. Nimefua soksi.

Alhamisi, 14 Novemba

Djamila amepiga simu wakati wa chakula cha mchana.

"Asani, usiogope. Juzi nilitoka damu kidogo. Nilienda ku hôpital, banasema mutoto iko muzuri, nilale tu. Lakini Mama Mukubwa aliomba Baba Mukubwa aniandikie kombe sasa, asingoje Januari. Sahani haionekane."

"Namna gani haionekane?"

"Haionekane. Amepindua kabati yote, na masaduku, na fasi ya makaa. Anasema labda aliipeleka fasi ingine, alisahau. Alilia, Asani. Sijaona ule muzee analia."

Nilikuwa nimekaa kitandani. Sahani ilikuwa juu ya magoti yangu, nilikuwa nimetoka kuipangusa. Ningesema maneno matatu tu: iko na miye. Djamila angepiga kelele, angekimbia uani, mzee angenitukana mpaka vitukuu vyangu, na jioni wangekuwa wanacheka.

Nilisema, "Itaonekana."

Kwa nini? Nimejiuliza mchana kutwa. Nadhani nilitaka kumwambia ana kwa ana. Nadhani pia nilikuwa mwoga, na mwoga hutafuta sababu zenye adabu.

Jumamosi, 16 Novemba. Addis, tukisubiri ndege

Nimefuta picha zote za sahani kwenye simu. Djamila hupenda kuzitazama picha zangu. Nilipomaliza kufuta nilielewa kwamba nimeshaamua jambo, ingawa sikukumbuka kuliamua.

Jumapili, 17 Novemba

Niliapa nitasema langoni.

Langoni alikuwepo Baba Mukubwa mwenyewe, amepungua, shati lake limefungwa vifungo visivyolingana. Alinishika mikono yote miwili. Mama Mukubwa alikuwa nyuma yake na macho mekundu.

"Nimepoteza sahani ya baba yangu," akasema. "Alima alitaka kuuliza bantu benye banaingiaka hapa. Nilikataza. Mu nyumba yangu hakuna mwizi. Ni kichwa yangu, mutoto yangu. Na kwa baba yangu pia kusahau ilianzaka vile."

Nilifungua mdomo. Delphine alikuwa pale uani na mashine yake ya kupima presha, na Djamila amelala mkekani, na wote walikuwa wakinitazama kwa furaha ya kuniona. Nikafunga mdomo.

"Bon," akasema mzee akijitahidi kuchangamka. "Kaa. Nielezee Limoges."

Nikamweleza. Kuba la kijani, vigae vya soko, mtaa wa wachinjaji, daraja, tanuri refu, mama anayesikiliza sahani kwa kucha. Alifumba macho ili aone vizuri. Aliuliza mto unaelekea upande gani. Nikampa mji mzima, nikaruka kitu kimoja, nacho kilikuwa hatua tano kutoka kwenye kiti chake, katikati ya masweta.

Kabla ya kuondoka, Delphine alimwambia, "Baba Zakari, kila kitu unaweka, sema na mudomo: naweka miwani pa meza. Tunasaidiaka bazee vile ku kazi. Itakusaidia kukumbuka."

Jumanne, 19 Novemba

Sahani nimeihamishia karakana, ndani ya kabati langu la chuma, chini ya aproni. Nimefunga kwa kufuli.

Jumatatu, 25 Novemba

Sauti ya mzee kupitia ukutani: "Makasi iko mu saduku. Miwani iko pa meza. Funguo iko pa musumari."

Mvua.

Jumatatu, 2 Desemba

Siku tatu za mvua bila kupumua. Mto Naviundu umepanda hadi kwenye bustani za mboga. Mama Mukubwa amechukua funguo za nyumba, anazifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Mzee alizitoa mwenyewe, kwa adabu, kama mgeni anayelipa chumba.

"Makasi iko mu saduku. Miwani iko pa meza."

Jumapili, 8 Desemba

Leo nimemkasirikia. Yeye!

Aliniuliza habari za lile daraja: mawe yake ni meusi au meupe? Nikamjibu kwa ukali, "Baba Mukubwa, si nilishakuelezea?"

Akashtuka. "Nilishauliza? Unisamehe, mutoto yangu. Unaona vile niko."

Hakuwahi kuuliza. Rangi ya mawe hakuwahi kuiuliza hata siku moja, na alikuwa sahihi kabisa, na mimi nilimwacha aombe msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya. Nimekaa nyuma ya nyumba hadi sweta likaloa. Mwezi uliopita nilikuwa nimechukua sahani. Leo nimechukua kitu kingine, na hiki sijui kinarudishwa namna gani.

Jumapili, 22 Desemba

Nimekuwa na akili nyingi leo, na zote ni mbaya.

Nilifikiri: sahani ikionekana, yote yatakwisha bila mtu kuumia. Jana niliileta kutoka karakana. Asubuhi, wazee wakiwa wameenda Makomeno kumsalimia mgonjwa, niliiweka nyuma ya cherehani, katikati ya ukuta na sanduku la vitambaa, na kitambaa chake juu, kama kitu kilichoanguka zamani.

Saa kumi Mama Mukubwa alipita na ufagio. Vigelegele vyake vilimtoa hata Delphine kwao. Djamila alilia. Watu wakapongezana uani kwenye matope. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Baba Mukubwa hakucheka. Alisimama mlangoni mwa chumba, akitazama ile nafasi nyuma ya cherehani.

"Pale nilitafuta," alisema. "Mara tatu. Niliweka mukono mpaka chini, nikagusa ukuta."

"Bazee tunapitaka karibu na kitu bila kuona," Mama Mukubwa akamwambia.

"Niligusa ukuta, Alima."

Kisha akaitazama mikono yake, ya kulia halafu ya kushoto. "Bon. Basi na mikono pia inanidanganya."

Akaingia ndani kulala, jua bado lipo juu. Nilikuwa nimemrudishia sahani na kumwondolea mikono.

Jumatano, 25 Desemba

Delphine ametuletea wali na kuku wa Noeli. Mzee alikula vijiko viwili. "Naweka kijiko pa sahani," alisema, na hakuna aliyecheka.

Ijumaa, 10 Januari

Mwezi wa saba umeingia. Djamila alioga, akajifunga kitenge kipya, akaenda kukaa mbele ya mzee na chupa ya marashi. Zafarani ilikuwa tayari. Ilitoka Dar, kwa mkono wa mtu wa Kasumbalesa, mpakani.

Mzee hakuigusa kalamu.

"Mwana, siandike tena. Muntu mwenye kusahau sahani anaweza kusahau aya. Nikiruka neno moja, unakunywa kitu gani? Sitakuwekea makosa mu tumbo."

"Baba Mukubwa, mimba mbili zilitoka," Djamila akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nangoja hii siku tu."

"Najua. Njo maana siandike."

Djamila amerudi kwetu akageukia ukuta. Hajalia. Naogopa zaidi anapokuwa halii.

Alhamisi, 16 Januari

Redioni ni vita ya mashariki tu. Baba Mukubwa ana ndugu Kindu, upande huo, lakini haulizi tena habari zao.

Leo niliingia chumba chake kutafuta sindano ya kurekebishia begi. Ndani ya sanduku la vitambaa nimekuta ukanda mweupe wa pamba, mrefu kama mkono, na juu yake ameshona majina kwa uzi mwekundu, mishono midogo ya fundi wa zamani. Alima, mke wangu. Asani, mutoto ya ndugu yangu, nililea miye. Djamila, bibi ya Asani. Delphine, jirani, anapimaka presha. Baada ya hapo ameacha nafasi tupu, kiasi cha jina moja, kwa ajili ya atakayezaliwa.

Anajiandaa kutusahau. Anafanya kwa utaratibu, anatushona mmoja mmoja ili tusidondoke.

Nimekaa sakafuni na ule ukanda mikononi. Mimi mtu wa namna gani?

Jumamosi, 18 Januari

Nimesema.

Alikuwa amekaa kwenye cherehani, mguu hauko kwenye kanyagio. Nilipiga magoti, jambo ambalo sijafanya tangu utoto. "Baba Mukubwa, ni miye. Sahani nilienda nayo ku Ulaya. Nilipoirudisha niliiweka nyuma ya cherehani, ili muone kama ilianguka. Hukusahau kitu. Kichwa yako iko muzima."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akatabasamu. Tabasamu hilo sitalisahau hata nikifika umri wake.

"Delphine njo amekufundisha kusema vile?"

"Hapana! Ni kweli!"

"Mulikaa bote mukafikiri, tumupe muzee moyo." Akaweka kiganja juu ya kichwa changu. "Weye uko mutoto muzuri, Asani. Lakini usinidanganye, hata kwa mapendo. Iko mubaya zaidi."

Nilimwapia. Nilimweleza masweta, kabati la karakana, siku na saa. Kila nilichoongeza kilizidi kuonekana kimetungwa. Alinipigapiga kichwa na kusema sawa, sawa. Picha nilizifuta mwenyewe. Sijawahi kusema kweli na kuonekana mwongo namna hii, na sina wa kumlalamikia.

Jumapili, 19 Januari

Leo asubuhi nilimwandikia Gaëlle. Nilimweleza yote, bila kupaka sukari. Akajibu kwa sentensi moja: ana picha, na anataka kuzungumza na mzee.

Niliwaita wote uani baada ya swala ya adhuhuri: Baba Mukubwa, Mama Mukubwa, Djamila. Mvua ilikuwa imetupa nafasi. Kwanza picha aliyoituma Gaëlle. Djamila aliikuza kwenye simu, akamsogezea mzee. Mkono wangu wenye pete ya ndoa, sahani imegeuzwa chini juu, mkwaruzo ukikata maandishi ya kijani. Nyuma, dirisha, na nje ya dirisha mto mkubwa na daraja la mawe. Juu yake, tarehe: 9 Novemba.

Mzee alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Safari hii hakutaja anaiweka wapi.

Simu ikalia, Gaëlle. Kifaransa cha mzee ni cha shule ya zamani, kimenyooka kama suruali aliyoipiga pasi.

"Bonjour, Madame. Wewe ulishika sahani yangu?"

"Niliishika, Monsieur Zakari. Niligonga, ikalia vizuri sana."

"Siku gani?"

Akamtajia siku. Mzee akahesabu kwa vidole juu ya goti lake. Kisha akauliza, "Na ule mkwaruzo wa chini ni wa nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Gaëlle alisita, halafu akamwambia kweli, kwamba ni alama ya sahani yenye kasoro, kwa sababu ya nukta, na kwamba kwake isingepita.

Baba Mukubwa akacheka. Kicheko cha tumboni ambacho hatujakisikia tangu mwezi wa kumi. "Madame, Mgiriki alikuwa na sahani kumi na mbili mezani. Baba yangu alizipita zote kumi na moja akachukua hii, kwa sababu ya nukta. Alisema hizo nyingine hazionyeshi mahali pa kuanzia."

Walizungumza robo saa. Alimuuliza mawe ya daraja ni ya rangi gani. Ya kijivu.

Simu ilipokatika, kicheko kilikatika nacho. Alinigeukia.

"Kumbe niligusa ukuta."

"Ndiyo, Baba Mukubwa."

"Na ile siku ya daraja, sikukuwa nilishauliza."

"Hapana."

Aliitazama mikono yake. "Unajua nilikuwa naombaka nini ku swala? Miezi mbili. Nilikuwa naomba Mungu anichukue kabla ya kusahau majina yenu."

Mama Mukubwa alifungua ncha ya kitenge, akatoa funguo, akaziweka kwenye mapaja ya mzee, na akaenda jikoni bila kunitazama. "Na miye nilimunyanganya funguo," nilimsikia akisema peke yake. Djamila alibaki. Alisema tu, "Ungeniambia miye," akainuka kwa taabu, mkono mgongoni, akaingia ndani.

Mimi nilibaki uani mpaka mvua ikarudi.

Ijumaa, 31 Januari

Wiki mbili karibu, Baba Mukubwa amenisalimia tu, asubuhi na jioni. Leo aliniita. Djamila alikuwa ameshakaa mbele yake, na marashi, na zafarani.

"Shusha sahani."

Nikaishusha. Aliweka herufi ya kwanza juu ya nukta. Alijaza sahani nzima, mstari kwa mstari, akaosha, Djamila akanywa hadi tone la mwisho. Kisha akanipa sahani.

"Irudishe. Na useme na mudomo."

Sikuelewa. Alingoja. Nikaelewa.

"Naweka sahani juu ya kabati," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya ajabu masikioni mwangu mwenyewe.

Aliinuka, akaja hadi kabatini, akainua kitambaa, akaangalia. Akarudi kukaa.

Ijumaa, 14 Februari

Kombe la tatu. "Naweka sahani juu ya kabati." Akainuka, akaangalia, akarudi.

Upande wake wa ukuta uko kimya siku hizi. Mwenye kutaja vitu sasa ni mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Msichana. Mzima, kilo tatu na nusu, anapiga kelele kama king'ora. Djamila mzima. Delphine ameimba wimbo wake wa kanisani katikati ya Ramadhani yetu na hakuna aliyelalamika.

Mzee ameshona jina kwenye ile nafasi tupu: Mariamu, mutoto ya Asani na Djamila. Nilidhani ameshautupa ukanda ule. Anasema uzi mwekundu haufumuliwi, unaacha matundu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua zinakwisha. Leo zimetupa manyunyu tu, barabara imeanza kukauka pembeni.

Alikuja mama mmoja wa mtaa wa nyuma, mtoto wake ana homa ya kurudirudi. Delphine ameshampa dawa; anataka na kombe. Baba Mukubwa aliandika, akaosha, mtoto akanywa na kukunja uso. Mama alipotoka, nikaichukua sahani, nikaipangusa, nikaizungushia kitambaa.

"Naweka sahani juu ya kabati, Baba Mukubwa."

Nikasimama kungoja sauti ya kiti chake. Haikuja. Alikuwa ameinamia cherehani, akimshonea Mariamu kofia, uzi mdomoni. Aliniangalia kwa juu ya miwani, akatikisa kichwa mara moja kama anayesema nimesikia, na mguu wake ukarudi kwenye kanyagio.

Nilifika hadi mlangoni. Kisha nikarudi mimi, nikainua kitambaa, nikaangalia kama kweli ipo.